Binti Aliyetaja Jina

Ilikuwa mara ya sita jioni ile. Nasriya alipofika pale pa kutaja jina, sauti ikakatika. Gitaa la umeme liliendelea peke yake kidogo, likajikuta limeachwa, likanyamaza nalo. Mpiga ngoma akabaki na vijiti hewani. Katika ukumbi mzima kikawa kinasikika kiyoyozi tu.

Mwalimu Daiva, aliyekuwa amekaa safu ya mbele na makaratasi yake ya muziki mapajani, alimwambia kwa upole kwamba neno lenyewe ni moja. Nasriya alijua. Ni jina la mtu, silabi chache tu za Kilithuania, na alikuwa akilitamka vizuri bafuni, garini, hata kazini Wattaya, akiwafungulia wateja milango ya magari mapya huku akilirudia kimoyomoyo. Ukumbini ndipo lilipogoma. Mikono ilikosa pa kukaa, na miguu ikataka kutoka mlangoni kabla yake.

Daiva ametoka Lithuania, nchi ya misitu na baridi kaskazini mwa Ulaya, na huu ulikuwa mwaka wake wa saba kufundisha muziki kwenye skuli moja ya binafsi hapa Maskati. Hadithi alisimuliwa na bibi yake. Kaka yake akaitungia muziki wa roki, yeye akaiandikia maneno ya Kiingereza, ikawa opera, mchezo unaoimbwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Waimbaji walikuwa watu wazima wa kujitolea: wauguzi wa Kifilipino, mhandisi wa Kihindi, Waomani kama Nasriya, Watanzania watatu wa kwaya ya kanisa. Walikutana skulini mara mbili kwa wiki baada ya Magharibi, na maonyesho yalikuwa yamebakiza wiki tatu.

Hadithi ni hii. Msichana alikwenda kuoga baharini, aliporudi kuvaa akamkuta nyoka amejikunja ndani ya nguo yake. Nyoka akasema kwa sauti ya binadamu kwamba hatoki mpaka aahidiwe ndoa. Msichana akaahidi ili apate nguo yake, akidhani yamekwisha. Siku ya tatu nyoka wakaja kwa maelfu kumchukua bibi harusi. Ufukweni akakuta anasubiriwa na kijana mzuri, mfalme wa maji, wakaenda kuishi chini ya bahari, wakapendana, wakapata wana watatu na binti mmoja mdogo. Miaka ikapita, mama akatamani kwao, akaruhusiwa kwenda na watoto, na siku ya kurudi amwite mumewe ufukweni kwa jina lake, ambalo ni wao tu waliolijua. Huko kaka zake wakakata shauri kuwa harudi tena kwa nyoka. Wakawachukua watoto msituni mmoja mmoja, wakawauliza baba yao anaitwa nani. Wavulana walipigwa, hawakusema. Binti alionyeshwa fimbo tu, akasema. Wajomba wakaenda ufukweni, wakaliita lile jina, na mfalme alipoinuka majini wakamkatakata. Mama alipokwenda kumwita mumewe, bahari ilimletea povu la damu.

Nasriya alipewa sehemu ya yule binti kwa sababu sauti yake ni nyembamba, ukifumba macho utadhani anaimba mtoto. Aliikubali kwa furaha, kabla hajaisoma mpaka mwisho.

Jioni ile Daiva alimweka kando. Hakugomba. Alisema Raghad, mmoja wa waitikiaji, anaujua wimbo huo wote, na kama Nasriya anaona mzigo ni mkubwa hakuna atakayemlaumu. Nasriya akaomba apewe mpaka Jumapili. Hakueleza kwa nini, na angeanzia wapi kueleza?

Miaka ishirini na miwili nyuma alikuwa na miaka saba. Dada yake Ghaliya alikuwa na ishirini na miwili, baba yao ameshafariki, na mambo ya nyumba yalikuwa mikononi mwa Ami Hisham, mdogo wa baba. Ghaliya alikuwa amependana na Amur, kijana aliyekuwa akiuza kanda za muziki kwenye duka dogo Matrah. Kijana mwenye adabu, ila ukoo wake haukuhesabiwa sawa na wao, na Waomani waliorudi kutoka Unguja na majina yao ya ukoo walikuwa wagumu mno katika jambo hilo. Kwa hiyo Ghaliya alikuwa akimwona kwa siri kwenye bustani ya Riyam. Alikwenda na rafiki yake Taghreed, na Nasriya akachukuliwa ili matembezi yaonekane ya kumchezesha mtoto. Waliojua walikuwa hao watatu tu. Ghaliya alimwambia mdogo wake mara moja, akimfunga viatu: huyu usimtaje nyumbani.

Siku moja Ami Hisham alimtoa Nasriya kwa gari, akamnunulia aiskrimu, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa bustanini huwa wanakutana na nani. Nasriya akasema, na Amur. Amur wa nani? Amur wa duka la kanda.

Hakupigwa. Hata fimbo hakuonyeshwa.

Wiki mbili baadaye duka la kanda lilikuwa na mtu mwengine. Amur alihamishiwa kwa jamaa zake Al Ain, ng'ambo ya mpaka, na kilichosemwa baina ya Ami Hisham na baba wa kijana hakikusimuliwa. Ghaliya alikaa ndani miezi minne, akatoka kuwa mke wa Sleyum, binamu yao. Nani kasema? Ghaliya hakulihangaikia swali hilo. Waliojua walikuwa watatu, na mtoto hakumhesabu. Alikwenda kwao Taghreed, akamtukana mbele ya mama yake, akamwambia wasijuane tena, na hawakujuana tena.

Nasriya alikua na jambo hilo. Alijipa kila udhuru. Sleyum ni mtu mpole, Ghaliya ana vijana watatu na kazi nzuri wizarani, ana nyumba. Kwani kuna nini cha kufukua? Mama yao alipofariki, Ghaliya alimchukua mdogo wake akaishi naye hapo hapo Wattaya, akampa chumba chenye dirisha la mashariki. Ndipo udhuru ukazidi kuwa mwembamba. Kula chakula cha mtu kila siku na kumnyima neno moja ni kazi inayochosha, na Nasriya aliifanya kwa kutotulia: akiingia akitoka, akikubali kila shughuli ya mjini, akikaa kwenye kiti kama mwenye safari.

Alipotoka ukumbini alimkuta Pius nje ya geti akisubiri basi. Pius ni mtu wa Songea, mpishi katika hoteli moja, mwenye sauti nzito inayotetemesha viti. Yeye ndiye aliyekuwa mfalme wa nyoka. Bado alikuwa na rangi ya kijani shingoni. Nasriya alimwomba radhi kwa kuwachelewesha watu. Pius akasema hayo ni ya kawaida, yeye mwenyewe kuna mahali panamkwaza.

"Pale ninapokufa," alisema. "Nasikia naitwa, natoka majini nikijua ni mke wangu. Nakatwa, na nakufa nikiamini ndiye aliyeniuza. Kila nikiimba pale nakasirika, dada Nasriya. Natamani mtu aniambie."

"Na mke hana kosa."

"Hana. Lakini anayejua amenyamaza, basi na mimi nakwenda hivyo hivyo."

Basi lake likaja. Nasriya aliingia garini, asiliwashe kwa muda mrefu. Halafu akaendesha hadi Ruwi, akageuka, akarudi, akapita njia ya nyumbani bila kukata kona, akaenda tena mpaka mzunguko wa mbele. Alipofika nyumbani chakula chake kilikuwa mezani kimefunikwa.

Ijumaa, Sleyum na vijana wake walikwenda msikitini. Ghaliya alikuwa jikoni akikaanga vitunguu vya biriani. Nasriya aliingia, akafungua friji, akaifunga, akachukua kisu, akakiweka. Ghaliya akamuuliza bila kugeuka kama ana homa, maana tangu asubuhi hajakaa.

"Dada, aliyemtaja Amur ni mimi."

Mwiko uliendelea kuzunguka.

"Amur gani?" Ghaliya aliuliza, ingawa maishani mwao alikuwa mmoja tu.

"Amur wa duka la kanda. Ami Hisham aliniuliza nikamwambia. Taghreed hakusema kitu."

Vitunguu vilipita rangi ya dhahabu, vikapita rangi ya kahawa. Nasriya alinyoosha mkono azime gesi, Ghaliya akausukuma.

"Alikupiga?"

"Hakunipiga."

"Alikutisha?"

"La. Alininunulia aiskrimu."

"Na ulijua kama nimekukataza."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Mtoto wa miaka saba anaweza kusemewa kwamba hakujua, na Nasriya angeweza kulichukua hilo akaondoka nalo. "Nilijua," alisema. "Mlikuwa mkifika kule mnaniacha kwenye bembea peke yangu. Nilitaka tusende tena."

Ghaliya alizima gesi. Vitunguu vilikuwa vimeungua, jikoni kumejaa moshi mchungu, na kwa kitambo alisimama akivitazama kama kwamba hilo ndilo lililoharibika. Kisha akasema, polepole, kwamba alimwita Taghreed jina ambalo hata mbwa haitwi, mama yake mgonjwa amekaa pale anasikia. Akaivua aproni. Akajitanda mtandio ndani nje, asione.

"Chukua funguo," alisema.

Saa ya sala ya Ijumaa barabara ni tupu. Nasriya aliendesha, Ghaliya alifungua kisanduku cha mbele yake, akakifunga, akakifungua. Walipofika Matrah maduka yamefungwa, vichochoro viko kimya, paka wamelala juu ya masanduku. Ghaliya hakuwa amefika huko miaka mingi, lakini alikata kona zote bila kuuliza, mbele ya Nasriya hatua tano, akaugonga mlango wa buluu kwa kiganja.

Taghreed alifungua mwenyewe. Mwanamke mwenye miwani aliyoipandisha kichwani, uzi umening'inia mdomoni, na mkononi ana kofia ya kiume aliyoifikisha nusu kuishona. Ndiyo kazi yake tangu alipofiwa na mume akarudi kwao. Alimtazama Ghaliya. Ghaliya aliushika mwimo wa mlango.

"Ni mimi niliyesema, Bi Taghreed," alisema Nasriya nyuma yake. "Siku zile. Nimemwambia dada leo."

Taghreed alitoa ule uzi mdomoni. "Nnajua," alisema. "Siku ile nilikuona na ami yako, nguo yote imechafuka aiskrimu. Hakuwa mtu wa kutembeza watoto, nilijua usiku wa siku ile ile."

Ghaliya akauachia mwimo. "Na hukunambia mimi?"

"Ulinipa nafasi gani? Ulikuja unapiga makelele. Na ningekwambia, ungemfanya nini? Ulikuwa huna akili siku zile, Ghaliya. Mtoto wa miaka saba."

"Miaka ishirini na miwili, Taghreed."

"Mwanzo nilikuwa nnamstahi mtoto. Baadaye nikawa na hasira na wewe, kwamba umeweza kuamini. Hasira nayo hukaa." Alitazama juu, jua lilikuwa limesimama katikati ya kichochoro. "Ingia, unaungua."

Ghaliya akaingia. Nasriya aliinua mguu afuate, dada yake akageuka kizingitini.

"Wewe ngoja."

Mlango ukafungwa. Nasriya alitoka kichochoroni, akafika baharini, akatembea mpaka soko la samaki, akarudi, akapita penye bustani ya Riyam bila kutazama ndani, akarudi tena. Alikwenda na kurudi namna hiyo kwa muda wa karibu saa mbili, viatu vimemchoma. Madereva wa teksi waliotoka kusali walimuuliza kama amepotea. Mwishowe simu ililia ujumbe. Ghaliya ameandika: Nenda. Wape watu chakula.

Alirudi, akaipika ile biriani na vitunguu vile vile. Vijana walikunja nyuso. Sleyum alikula sahani yake yote, akashukuru, akauliza tu kama Ghaliya ni mzima. Nasriya alisema yuko kwa Taghreed. Sleyum aliacha kutafuna kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata habari aliyoisubiri muda mrefu, akaomba maji.

Ghaliya alirudi kwa teksi karibu na Magharibi, macho yamevimba, akapita sebuleni akaenda kulala. Tangu siku hiyo hakumsemesha mdogo wake. Kama kuna la lazima alimtuma mmoja wa vijana: mwambie mama mdogo fundi wa maji anakuja kesho. Sahani ya Nasriya iliendelea kufunikwa mezani kila alipochelewa, na jambo hilo lilimtesa kuliko kama angenyimwa. Alifikiri kuhama, akafika mpaka kutazama vyumba vya kupanga, akaona kwamba hata kuhama kutakuwa kukimbia.

Jumapili alisimama mbele ya gitaa na ngoma, na jina likatoka. Halikutoka vizuri. Lilitoka kubwa kuliko muziki, limekwaruza, nusu kelele. Nasriya aliomba arudie kwa utaratibu. Daiva alivua miwani akaifuta, akasema liachwe lilivyo. Baadaye, wakikunja nyaya, alimwambia kwamba bibi yake alipofika pale alikuwa hataki kabisa kumtazama mjukuu usoni, na yeye Daiva hajawahi kujua kwa nini, na bibi ameshakufa.

Opera ilionyeshwa jioni tatu. Watu walijaa, jioni ya pili baadhi yao wakasimama nyuma. Nasriya aliimba zote tatu, na kila wajomba walipoliita jina alilolitaja, Pius aliinuka kutoka chini ya kitambaa cha buluu akitabasamu, na kila mara Nasriya alitamani kumzuia. Alidhani akishaweza kuliimba atatulia. Hakutulia. Alipigiwa makofi, akapewa maua, akarudi Wattaya kwenye nyumba iliyokuwa ikimlisha na haimsemeshi. Kwao hakuja mtu kumtazama.

Alhamisi ya wiki ya nne tangu siku ile, Ghaliya alisimama mlangoni pa chumba cha Nasriya.

"Kesho nakwenda kumwangalia Ami Hisham. Utakuja?"

Ami Hisham siku hizi hatoki kwenye kiti cha magurudumu, lakini akili yake ni nzima, na kilemba hafungi mtu mwengine isipokuwa yeye. Walimkuta sebuleni kwake, kahawa na halua tayari. Walimbusu kichwa mmoja baada ya mwengine. Ilipofika zamu ya Nasriya, mzee akamshika mkono, akamwambia mkwewe Rahaf, aliyekuwa akimimina kahawa, kwamba huyu ndiye msema kweli wake. Alikuwa akimwita hivyo kila sikukuu, tangu utoto wake, na Nasriya alicheka kila sikukuu.

Ghaliya aliweka kikombe chini.

"Ami, nakuomba usimwite hivo."

"Nimemwita hivo tangu mdogo."

"Nnajua tangu lini. Na kwa nini nnajua."

Rahaf alilibeba birika akaenda jikoni bila kuambiwa. Mzee aliweka sawa kilemba chake. Kisha alisema, bila kupandisha sauti, kwamba alifanya alichoona ni wajibu, baba yao hayupo, watu wanasema. Kijana yule hakuwa wa kwao. Na Ghaliya amekosa nini? Amepata mume mwenye heri, nyumba, vijana watatu.

"Yote hayo kweli," alisema Ghaliya. "Sleyum simlaumu hata siku moja. Lakini mimi ulikuwa unaniona kila asubuhi, Ami. Mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, nakuletea chai. Ungeniuliza mimi ningekujibu. Ukenda ukamuuliza mtoto."

Ami Hisham alitazama kikombe chake. Alisema kahawa imepoa, akamwita Rahaf aibadilishe. Hakusema lingine juu ya jambo lile, na wao hawakumdai. Walizungumza habari za harusi ya jamaa Nizwa, za joto, za dawa zake. Walipoaga aliushika mkono wa Nasriya tena, akaukawiza, akasema, "Haya, Nasriya," kwa jina lake tupu, akauachia.

Garini Ghaliya alikaa mbele, akafunga mkanda. Walitoka getini, wakangoja kuingia barabarani, magari yanapita mfululizo.

"Sijui ntakuwa hivi mpaka lini," alisema. "Kuna siku naamka nimesahau, halafu nakumbuka. Ukiniona kimya, niache."

"Nimekuacha, dada."

"Usiniache sana."

Nasriya alikamata usukani kwa mikono miwili. Nafasi ilipatikana, hakuiona, gari la nyuma likapiga honi. Ghaliya akamwambia aende, kisha akamwambia asikate kushoto, wapitie Matrah kwanza. Taghreed amemwagiza nyuzi nyeupe za kofia na duka linafungwa Magharibi.